Homa ya Mashine ya Baba

Sifa na shukrani ni zake Mungu Baba, aliyetuamsha tena leo katika baridi hii ya Njombe, akatupa moto jikoni na watu wa kuota nao. Namshukuru kwa mema niliyoyaelewa. Kwa yale ambayo sijayaelewa mpaka leo namshukuru vilevile, ingawa kwa hayo sauti yangu hushuka kidogo.

Wiki iliyopita binti yangu wa mwisho alikuja likizo na kompyuta yake ya chuo, ile ndogo ya kukunja. Ukungu ulikuwa haujaondoka ingawa saa nne ilikuwa imepita, naye alikaa kitandani, miguu ndani ya blanketi na kompyuta juu ya blanketi. Nikamsikia analalamika: "Mama, imejizima tena! Mara ya tatu leo." Nikaenda. Nilipoinama kuiinua, pua yangu ikakutana na harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi: sufi iliyopashwa moto, na vumbi lililoungua kidogo. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Binti akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia aiweke juu ya meza, aache ipate hewa, haitajizima tena. Akashangaa. "Mama, wewe umejulia wapi mambo ya kompyuta?"

Sikumjibu siku ile. Nawajibu ninyi, wa rika langu, mliolelewa katika nyumba ambazo baba akisema neno limekuwa.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Alitembea kwa miguu vijiji vingi vya nyanda zetu hizi, na kila alikofika aliandika kwenye daftari: nani alibatizwa, mzee gani alisema nini kabla ya kufa, nyimbo za Kibena walizoimba mama zetu walipopokea Injili. Alipostaafu alikuwa na madaftari ishirini na mawili ndani ya sanduku la bati. Alikuwa pia na macho yaliyoanza kufa. Daktari alimwambia waziwazi kwamba hayatapona, yatafifia polepole mpaka yazime. Basi Baba akawa na ombi moja tu kwa Mungu: madaftari yale yawe kitabu kabla hajawa kipofu, ili akisome kwa macho yake mwenyewe.

Mungu akajibu kwa njia ambayo hatukuitarajia. Marafiki wa usharika walioko ng'ambo walileta kontena la nguo na vitabu, na ndani yake kompyuta mpya ya ofisi. Ile ya zamani akapewa Baba, zawadi ya kustaafu. Sidhani kama nyumba nyingine mtaani kwetu ilikuwa nayo. Watu walikuja kuiona kama wanavyokuja kuona mtoto mchanga, wakakaa, wakanywa chai, wakaaga. Sisi hatukuiita kompyuta. Tuliiita mashine.

Aliyejua kuitumia alikuwa mmoja tu, dada yangu Lusungu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akajifunza kupiga chapa ofisini kwa karani wa usharika. Alikuwa mrefu, mcheshi, na alikuwa na vidole vya haraka. Mimi nilikuwa na miaka kumi hivi, na tulilala kitanda kimoja, chini ya blanketi moja la kijivu lenye mstari mwekundu. Miguu yangu ilikuwa baridi kama chura siku zote, naye aliniacha niibandike kwenye miguu yake. "Leo nimelala na vyura wawili," alikuwa akisema asubuhi.

Kazi ilianza vizuri. Baba alikaa kwenye kiti, daftari karibu kabisa na pua, akisoma kwa sauti, na Lusungu akipiga. Herufi kwenye kioo zilikuwa kubwa, Baba aliziona, na alipoziona alicheka peke yake. Mimi nilikatazwa kabisa. "Mtoto asisogelee mashine," alisema Baba, na kwetu hilo lilitosha.

Lakini sebule yetu ilikuwa ndogo. Kioo na kibao cha herufi vilikaa juu ya meza, ila sanduku lenyewe la mashine liliwekwa sakafuni, kwenye nafasi kati ya meza na ukuta, kando ya mlango wa chumba chetu. Mama, ambaye hakupenda kitu cha thamani kikae uchi, aliifunika meza yote kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, kirefu mpaka chini. Kwa hiyo nilipotambaa kutoka chumbani niliweza kuingia nyuma ya kile kitambaa, nikakaa karibu na sanduku, na hakuna aliyeniona.

Nilifuata joto. Ilikuwa miezi ile ambayo majani yanaamka meupe kwa barafu, na nyuma ya lile sanduku palitoka upepo wa moto kama pumzi ya ng'ombe. Niliweka mikono pale nikamsikiliza Baba akisoma habari za wazee waliokufa. Siku moja ndipo nikagundua jambo. Sanduku lilikuwa linatetemeka. Ndani yake kitu kiligonga haraka haraka, tk-tk-tk-tk, kama meno ya mtu mwenye baridi. Linatetemeka, na lina joto. Nililijua hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kuugua mwezi uliopita, natetemeka huku naungua, na Mama alinifunika blanketi mpaka juu ya kichwa, akanikandamiza pembeni. "Tulia hivyohivyo," alisema. "Jasho likitoka, homa imetoka nalo." Nikalala, na nilipoamka nilikuwa mzima. Hivyo ndivyo homa ilivyotibiwa kwetu, na sijui nyumba ya Njombe iliyoitibu kwa namna nyingine.

Nikarudi chumbani nikavuta blanketi letu. Nikalifunika sanduku lote, nyuma na mbele, nikalikandamiza pembeni kama nilivyofanyiwa. Kisha nikasubiri. Baada ya muda kutetemeka kukakoma, kimya kikaingia. Nikafurahi sana. Mgonjwa amelala.

Juu ya meza nikamsikia dada akisema, "Jamani! Imezima!"

Mama akishaona mgonjwa amelala, huondoa blanketi ili apumue. Nami nikaliondoa, nikalirudisha kitandani, nikatoka nje kwa mlango wa jikoni kwenda kuokota kuni. Naliandika hili ili muone jinsi lilivyotokea: sikuwa najificha kwa sababu nimekosa. Nilijificha kwa sababu nilikatazwa kusogea, na nilidhani natenda mema.

Siku ile ukurasa na nusu ulipotea. Baada ya saa moja mashine ikawaka vizuri, wakaendelea. Kesho yake ikatetemeka tena. Nikaifunika tena.

Ninyi mnaojua mitambo mtacheka, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyecheka. Baba alibadilisha waya. Wakahamisha meza kwenye soketi nyingine, lakini sanduku likabaki nyuma ya kitambaa kilekile. Mtu wa umeme akaja akatazama nyaya za dari, akasema hazina tatizo. Wakatega panya. Mzee mmoja wa kanisa akaleta kwa mkopo stabilaiza yake mwenyewe, ya kutuliza umeme. Baba akaweka kiganja juu ya sanduku akasema, "Ni ya moto hii." Lusungu akajibu, "Ndivyo zilivyo, Baba, hata ile mpya ya ofisini ni ya moto." Wakaomba juu yake, tukiwa tumesimama wote, nami nimefumba macho kuliko wote, nikimwomba Yesu aiponye homa yake.

Hatimaye ikapelekwa Makambako. Kulikuwa na fundi kule mtaa wa Lyamkena, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyetengeneza redio na mashine za kushonea na chochote kilichokuwa na waya. Baba alilipakata sanduku basini safari nzima, nami nikachukuliwa ili nimwongoze mahali penye ngazi. Fundi alilifungua, akasafisha vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, akaliwasha, akaliacha. Tulikaa pale kutwa. Halikuzima.

"Haya, Mwinjilisti, mchukue mgonjwa wako," alisema jioni. "Hana kitu."

Baada ya juma moja tulirudi. Akaliwasha. Kutwa nzima halikuzima. Mara ya tatu alipotuona tunashuka alianza kucheka tukiwa bado mbali.

"Mwinjilisti, mashine yako ina dini kama watu wetu," alisema. "Ikifika Makambako inaokoka. Ikirudi Njombe inarudi nyuma."

Baba hakucheka. "Niambie ukweli, fundi. Ugonjwa ni nini?"

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Mashine ni nzima, mzee wangu. Kitu kinachofanya kazi kwangu na kukataa kwako, mimi siwezi kukitafuta ndani ya mashine. Huko nyumbani anaitumia nani?"

"Binti yangu."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Fundi akairudisha miwani machoni. "Basi mimi nimemaliza kazi yangu," alisema.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nikila andazi. Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja. Nilichofikiri ni kwamba Makambako hakuna baridi kama kwetu, ndiyo maana mashine haiumwi ikiwa kule. Safari nzima ya kurudi Baba alitazama dirishani, ingawa najua vya mbali hakuviona ila mwanga na kivuli.

Sasa, Lusungu alikuwa na rafiki aliyefungua kibanda cha kupiga chapa huko Makambako, na rafiki huyo alimwandikia barua mara mbili: njoo tufanye kazi. Baba alizijua barua zile. Dada alikuwa amemwambia mwenyewe, na akasema, "Nitakwenda kitabu kikiisha, Baba." Baba akaridhika. Lakini baada ya maneno ya fundi, zile barua mbili zilikua ndani ya kichwa chake.

Kesho yake waliwasha mashine asubuhi. Baba aliketi, akampa Lusungu daftari asome mwenyewe. Alikaa tu akisikiliza. Nami nikatambaa mahali pangu, na ilipoanza kutetemeka nikaifunika vizuri kuliko siku zote, maana ilikuwa imetoka safarini. Walikuwa kwenye habari ya bibi mmoja wa Ipelele aliyetembea siku tatu akiwa na mjukuu mgongoni ili abatizwe. Bibi hajafika, mashine ikazima.

Kisha Baba akaongea, tena kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko hasira.

"Lusungu. Kwa mgeni mashine hii haizimi. Kwako inazima. Nakuuliza mara moja tu, kama mtu anavyoulizwa mbele ya madhabahu. Ni wewe?"

"Si mimi, Baba."

"Basi ni nani?"

"Sijui, Baba. Haki ya Mungu, sijui."

"Usiape. Kama kazi hii imekuchosha, sema. Kama Makambako panakuita, sema, nitakupa nauli na baraka. Lakini usimzimie baba yako taa wakati macho yake yanazima."

Mama akatoka jikoni, unga mikononi. "Baba Lusungu, neno hilo ni kubwa."

"Nimelipima," alisema Baba. Akainuka, akapapasa ukuta, akatoka nje akasimama kibarazani.

Dada hakulia. Nilisikia kiti kikisogea. Viatu vyake vilikuwa huku upande wa ukuta, na alipoinama kuvichukua akainua kitambaa cha Mama. Akaniona. Akaliona sanduku, limefungwa blanketi letu kama mtoto mchanga katika baridi ya Julai.

Tulitazamana. Baba alikuwa hatua kumi kutoka pale, mlango uko wazi. Lusungu angeinua sauti kidogo tu, neno moja, "Baba," na maisha yetu yote yangekwenda njia nyingine.

Alichuchumaa. Akalifunua blanketi polepole, akaweka kiganja juu ya bati, akakiondoa haraka kwa kuungua.

"Umeanza lini?" alininong'oneza.

"Anaumwa, dada. Ana homa. Anatetemeka."

Uso wake ulifanya kitu ambacho mpaka leo sijui kama ni kucheka au ni kulia. Akanishika kidevu.

"Haumwi, mdogo wangu. Ndivyo anavyopumua. Usimfunike tena, umesikia? Usimfunike tena." Akalikunja blanketi mara nne, akaniwekea mikononi. "Jifunike wewe."

Akaingia chumbani, akafunga nguo zake, akamuaga Mama. Kibarazani alipiga goti mbele ya Baba. Baba alimwekea mkono kichwani kwa sababu ni desturi, lakini midomo yake haikusema baraka. Nilikuwa mlangoni, niliiona.

Nimeuliza mara nyingi katika sala kwa nini hakusema. Nafikiri alihofia fimbo ya Baba iniangukie mimi. Nafikiri pia kwamba mtu akishahukumiwa na baba yake kwa neno kama lile, hapati tena hamu ya kushinda kesi, hasa kama ushindi ni kumtoa mtoto mdogo chini ya meza. Na pengine, Mungu amrehemu, sehemu ndogo ya moyo wake ilitaka kwenda. Mimi je, kwa nini sikusema? Nilikuwa na miaka kumi. Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili niliogopa zaidi, kwa sababu sasa kulikuwa na siku ya kwanza.

Mashine haikuzima tena. Mnaliona lililotokea? Dada alinionea huruma, nami nikamtii, na utii wangu ukawa ushahidi dhidi yake. Siku hadi siku mashine ilitetemeka na kuvuma na kufanya kazi, na kila siku iliyopita ilimhukumu upya. Baba alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu ameondoa kikwazo nyumbani mwake. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Kisha akaniita mimi, akaniweka kwenye kiti cha Lusungu, nikajifunza kupiga kwa vidole viwili. Bibi wa Ipelele nilimfikisha ubatizoni mimi.

Dada alirudi baada ya kama miaka miwili. Alishushwa mchana kwenye gari la viazi, na watu wawili walimshika mikono. Ulikuwa ugonjwa ule ambao siku zile nyumba nyingi za Makambako na Njombe ziliujua na hakuna iliyoutaja. Vile vidole vya haraka vilikuwa vijiti. Mama alimlaza kitandani kwetu, na kwa kuwa alitetemeka sana, akamfunika lile blanketi la kijivu.

Baba aliingia akiongozwa na ukuta. Alikuwa anaona mwanga tu sasa. Akakaa kitandani, akamtafuta mkono.

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa, Baba. Kitabu kimefika wapi?"

"Kimekaribia. Yamebaki madaftari mawili." Akaongeza jambo. Nataka kuamini kwamba hakusema kwa ukali. Nataka kuamini alisema kama mtu anayetoa habari njema. "Tangu uondoke, mashine haijazima hata mara moja."

Lusungu aligeuza kichwa kwenye mto, akanitazama. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Alinitazama kwa muda, na hakukuwa na lawama katika macho yale, hilo naliapia. Alikuwa ananipa nafasi. Uji ulipoa mikononi mwangu.

"Namshukuru Mungu, Baba," alisema dada.

Alikaa nasi siku kumi na moja. Kila siku nilijiambia, leo. Akitetemeka niliingia naye ndani ya blanketi, nikamwekea miguu yangu, na sasa miguu yangu ndiyo ilikuwa ya moto. Siku ya kumi na mbili Mama alinitoa kitandani kwa mkono, taratibu, akasema niende nikamwite Baba. Blanketi lilikwenda na dada jenezani. Mama ndiye aliyetaka iwe hivyo, akisema mwanawe asisikie baridi.

Nilimwambia Baba kitabu kilipokwisha kuchapwa. Macho yalikuwa yamezima kabisa, hakukisoma kamwe kama alivyoomba, nilimsomea mimi. Nilianza na ukurasa wa shukrani, ambao alimwandikisha karani wa usharika. Alikuwa amewataja wote: wachungaji, marafiki wa ng'ambo, mzee wa stabilaiza, hata fundi. Nilipofika mwisho jina la Lusungu halikuwamo, nikafunga kitabu. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, tangu homa mpaka bakuli la uji.

Hakunipiga. Alipapasa jalada la kitabu. Kisha akasema, "Nipeleke kwenye mashine. Iwashe."

Nikaiwasha. Akainama, akapitisha mkono nyuma ya kitambaa cha Mama, akaufikia ule upepo wa moto, akauacha mkono pale.

"Ndivyo ilivyokuwa siku zote?"

"Ndivyo, Baba."

"Na yeye alijua."

"Alijua."

"Nami nikamwambia pale kitandani." Hakumaliza. Alibaki ameinama hivyo, mkono kwenye pumzi ya mashine, mpaka Mama alipokuja kumwinua.

Baba aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo. Kila Jumapili baada ya ibada aliniomba nimpeleke kwa dada. Hakusali kwa sauti. Alipiga magoti, akapapasa mpaka akaupata udongo, akaweka kiganja juu yake kwa namna ileile, akasubiri. Mimi nilisimama nyuma yake nimeshika fimbo yake. Udongo wa Njombe ni baridi, hasa asubuhi.

Alinisamehe, ninyi mnaouliza. Alisema hivyo kwa kinywa chake. Yeye mwenyewe alikuwa na mmoja tu wa kumwomba msamaha, na huyo alikuwa chini ya kiganja chake, ndani ya blanketi letu.

Jana binti yangu alimaliza kazi yake ya chuo mezani, kompyuta haikuzima. Nilipopita nyuma yake niliweka mkono kidogo pale inapotoka hewa ya moto. Hakuniona.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana ailinde nyumba yako na akupashe moto katika baridi yako. Kama kuna neno ulilolificha, ambalo lingemwondolea mtu lawama, Mungu akufungue kinywa leo, wakati huyo mtu bado anaweza kugeuza kichwa kwenye mto na kukusikia. Amina.